Neno "Hakutaka" Katika Rejista ya Leba

Usiku wa tisa tangu sera yetu ianze kutumika, niliingia wodi ya wazazi bila kumwarifu mtu. Nje ya mlango wa leba palikuwa na benchi, na kwenye benchi walikaa watu wanne: wanawake watatu wa makamo na kijana mmoja aliyepakata begi la nguo za mtoto. Ndani walikuwamo akina mama wanne wenye uchungu, kila mmoja peke yake. Sera niliyoiandika mwenyewe ilisema kila mama anayejifungua ana haki ya kuwa na mtu mmoja wa chaguo lake kando ya kitanda, tangu uchungu unapochanganya hadi mtoto anapozaliwa. Ilikuwa imebandikwa ukutani, hatua tatu kutoka benchi lile, ikiwa na muhuri na sahihi ya mkurugenzi.

Nikafungua rejista. Tulikuwa tumeongeza safu moja mpya, "Mwenza", ambamo mkunga alitakiwa aandike kama yupo au hayupo, na kama hayupo, kwa nini. Kurasa mbili nzima zilikuwa na neno moja kutoka juu hadi chini. Hakutaka. Hakutaka. Hakutaka. Mwandiko uleule, wino uleule. Ilionekana wazi kwamba safu ilijazwa kwa mkupuo mmoja mwisho wa zamu.

Nilitoka mle na hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kazini. Hasira ile ilinigharimu miezi, na iliwagharimu akina mama zaidi yangu. Ndiyo maana nasimulia, maana wapo wenzangu wengi ambao wakati huu wamepewa kazi kama niliyopewa mimi: andika sera, ipitishe kwa wadau, ianze mwezi ujao.

Nilikuwa mkunga kwa miaka 11 kabla ya kuhamishiwa ofisi ya ubora wa huduma. Suala la mwenza wa kujifungua nililipenda kwa sababu nililiona kwa macho yangu. Nimewaona wanawake wakimshika mkunga mkono na kukataa kuuachia, si kwa sababu ya maumivu, bali kwa sababu mkunga akiondoka hapatabaki mtu. Ushahidi nao ulikuwa upande wangu. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa kuchambua tafiti za afya, yaliyohusu wanawake zaidi ya 15,000 katika nchi 17, yalionyesha kwamba mama anayekuwa na mtu wa kumtegemeza mfululizo wakati wa uchungu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kujifungua kwa njia ya kawaida, ana uwezekano mdogo wa kufanyiwa upasuaji, na hana kumbukumbu chungu ya siku ile kama yule aliyeachwa peke yake. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani likamweka mwenza wa chaguo la mama katika mapendekezo yake ya huduma wakati wa kujifungua. Kwa hiyo hoja nilikuwa nayo, takwimu nilikuwa nazo, na sahihi ya mkurugenzi nilikuwa nayo.

Na wadau nilikuwa nimewashirikisha. Niliamini hivyo kwa moyo mweupe. Tulikaa kikao cha saa tatu: madaktari, wakunga viongozi, maabara, stoo, uhasibu. Nilionyesha slaidi, nikaeleza, na mwishoni nikauliza, "Kuna swali?" Daktari mmoja aliuliza tarehe ya kuanza. Wengine waliitikia kwa vichwa. Kwenye muhtasari nikaandika: "Wadau wote wameafiki." Muhtasari ule bado upo kwenye faili, na kila ninapoufungua natazama sentensi hiyo kwanza.

Asubuhi baada ya usiku wa benchi niliandika waraka. Zamu itakayopita bila mwenza hata mmoja, kiongozi wake atajieleza kwa maandishi. Waraka ulifanya kazi upesi kuliko nilivyotarajia. Ndani ya wiki moja safu ya "Mwenza" ilibadilika: yupo, yupo, yupo. Nikazipeleka takwimu kwa mkurugenzi, akanipongeza mbele ya watu. Siku mbili baadaye nilipita wodini mchana kufuata karatasi nyingine kabisa. Benchi la nje lilikuwa limejaa kama siku zote.

Nilisimama pale nikiwa na faili mkononi, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokifanya. "Hakutaka" lilikuwa neno la uongo mara nyingi, lakini lilikuwa linaniambia kwamba kuna kitu kimekwama. "Yupo" lilikuwa uongo usioniambia chochote, na mimi ndiye niliyeuagiza.

Miezi kadhaa baadaye nilisoma habari za orodha ya usalama wa upasuaji, ile ya Shirika la Afya Duniani yenye vipengele 19 vya kuhakikisha na kutia alama chumba cha upasuaji, nikaiona wodi yetu ndani yake. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, ikiwamo Ifakara, London na Seattle, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo baada ya upasuaji vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Baadaye jimbo la Ontario, Kanada, likazitaka hospitali zake zote ziitumie. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliangalia hospitali 101 za jimbo hilo. Hospitali ziliripoti kwamba orodha inatumika karibu katika kila upasuaji, lakini vifo na matatizo ya baada ya upasuaji havikupungua kwa kiwango chenye maana kitakwimu. Wataalamu wamebishana sana kuhusu sababu zake. Mimi, niliyekuwa na rejista iliyojaa "yupo" mezani kwangu, nilielemea upande wa wale waliosema kwamba anayedai alama ya vema ataletewa alama ya vema.

Aliyenisaidia hakuwa mtafiti. Alikuwa mkunga mkongwe wa zamu ya usiku, mama yule yule aliyenifundisha kupima njia nilipokuwa mwanafunzi, akanishika kiganja kisitetemeke. Alinikuta koridoni akanivuta pembeni.

"Mwanangu, ulituita ukatuambia. Hukutuita ukatuuliza."

"Niliuliza kama kuna swali, Sista."

"Mbele ya mkurugenzi? Nani angekujibu?"

Kisha akaniambia nije nikae zamu tatu za usiku. "Na usije na karatasi," akasema. "Ukija na karatasi watu watakujibu karatasi."

Nilikwenda. Nilivaa mavazi ya kazi kama zamani, nikasukuma vitanda, nikabadilisha mashuka, nikapokea watoto wawili. Niligundua kwamba miaka niliyokaa ofisini ilikuwa imenisahaulisha umbo la chumba. Leba yetu ilikuwa na vitanda sita na mapazia matatu, na moja kati ya hayo halikufika mwisho wa reli. Ukimketisha mume wa mama wa kitanda cha tatu kando ya mkewe, uso wake unaelekea kitanda cha nne, ambako mama mwingine amelala miguu wazi. Mimi nilikuwa nimeandika ukurasa mzima kuhusu haki ya mama wa kitanda cha tatu, na mama wa kitanda cha nne sikumwandikia hata mstari. Wakunga walimwona. Walipoandika "hakutaka", mara nyingi walikuwa wanamlinda yeye.

Usiku ule wa kwanza wakunga walikuwa wawili. Saa nane kukatokea mama wa kupelekwa haraka chumba cha upasuaji, mmoja akaenda naye, akabaki mmoja na akina mama watano. Katika hali hiyo, ndugu wa mgonjwa anayezimia akiona damu si msaada. Ni mgonjwa wa sita, tena yuko sakafuni. Aliyeniambia hivyo hakuwa analalamika. Alikuwa ananieleza hesabu yake.

Jambo kubwa zaidi nililisikia usiku wa tatu, kabla ya alfajiri, wodi imetulia. Mkunga mmoja kijana, aliyekuwa ameketi mbele ya kikao changu siku ile na kuitikia kwa kichwa kuliko wote, alinisimulia kilichompata mwenzake miaka michache nyuma. Mama alikuwa ametokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Mkunga alikuwa anamkandamiza tumbo, anapaza sauti aletewe damu, anamwambia mama asilale, anampiga shavu kidogo ili asipoteze fahamu. Mlangoni alikuwapo ndugu mwenye simu. Picha zile zilisambaa, na waliozitazama waliona mkunga anayemfokea na kumpiga mgonjwa. Mama alipona. Mkunga alihojiwa kwa wiki nyingi, na hata baada ya kuonekana hana kosa hakurudi kuwa yule wa zamani.

"Wewe uliandika mwenza," mkunga kijana akaniambia. "Sisi tulisoma shahidi."

Nikakumbuka slaidi yangu ya saba. Ilihusu tamko la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2014 kuhusu kukomesha unyanyasaji wa wanawake wanaojifungulia vituoni, na chini yake nilikuwa nimeandika kwa herufi nene kwamba uwepo wa mwenza hupunguza lugha chafu na ukatili. Niliisoma kwa sauti, mbele ya madaktari, mbele ya mkurugenzi, wakunga wakiwa wamekaa safu ya nyuma. Kwangu ilikuwa hoja. Kwao ilikuwa mashtaka yaliyosomwa hadharani na mtu aliyewahi kuwa mwenzao.

Siandiki haya kusema mashtaka hayana msingi. Unyanyasaji upo. Nimeuona, na kuna mama mmoja ambaye mimi mwenyewe nilimfokea usiku wa zamu ndefu na ambaye sitamsahau. Kuelewa mtazamo wa mkunga hakumaanishi kukubali kila anachofanya. Lakini kuna tofauti kati ya jambo lililo kweli na namna linavyomfikia mtu ambaye ndiye utakayemhitaji litekelezwe. Kisa cha daktari Ignaz Semmelweis kilichotokea Vienna kinasimuliwa kila mahali kama kisa cha ukaidi wa madaktari, na mimi sasa nakisoma kwa jicho jingine. Mwaka 1847 aliwataka wenzake wa kliniki ya uzazi wanawe mikono kwa maji ya klorini wanapotoka kupasua maiti. Mwezi Aprili mwaka huo vifo katika kliniki hiyo vilikuwa asilimia 18. Kufikia Agosti vilikuwa chini ya asilimia 3. Takwimu hazikuwa na shaka. Lakini ndani ya takwimu zile kulikuwa na ujumbe mmoja kwa kila daktari: mikono yako ndiyo iliyowaua akina mama wale. Wengi hawakuweza kuupokea. Naye, badala ya kutafuta namna wanavyoweza kuupokea, baadaye aliwaandikia wapinzani wake barua za wazi akiwaita wauaji. Alifariki mwaka 1865 bado wengi hawajamkubali, na katika miaka hiyo yote akina mama waliendelea kufa. Alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, na jambo hilo linaniuma kila ninapolikumbuka.

Hofu ya wakunga wetu ilikuwa na tarehe na jina la mtu, ingawa mimi nilikuwa nimeiandika kwenye ripoti yangu kama "mwitikio hasi dhidi ya mabadiliko". Tangu hapo sikubali maneno hayo. Ninaposikia kundi limekataa huduma fulani, nataka kujua nini kiliwahi kuwapata. Mwaka 2003 Kano na majimbo mengine ya kaskazini mwa Nigeria yalipositisha chanjo ya polio, ulimwengu ulisikia uvumi kwamba chanjo inafanya watu wawe tasa, na wengi waliishia hapo. Waliochimba zaidi walikuta kwamba mwaka 1996, wakati wa mlipuko wa homa ya uti wa mgongo, watoto wa Kano walijaribiwa dawa mpya katika utafiti ulioacha vifo, madai na kesi mahakamani kwa miaka mingi. Chanjo ilirejea Kano mwaka 2004 baada ya mazungumzo marefu na baada ya kupatikana chanjo kutoka Indonesia, nchi ambayo viongozi wa pale waliiamini. Katika mazungumzo kama hayo, kueleza upya namna virusi vinavyoenea kusingetosha. Swali lililokuwa mezani lilikuwa ni nani aaminiwe, na kwa nini aaminiwe safari hii.

Mlinzi wa geti nilimfikia wa mwisho, na nasema hili kwa masikitiko, kwa sababu nilikuwa nimepita mbele yake kila siku kwa miaka. Darasani nilifundishwa kuchora ramani ya wadau: miraba minne, nguvu upande mmoja, maslahi upande mwingine. Nilisoma pia pembetatu ya sera ya watafiti wa sera za afya Gill Walt na Lucy Gilson ya mwaka 1994, inayosema kwamba ukitazama maudhui ya sera pekee umeona kona moja tu. Zimebaki muktadha, mchakato, na katikati kabisa wahusika wenyewe. Nilijibu mtihani vizuri. Lakini nilipochora ramani ya sera yangu, mlinzi hakuwamo hata katika mraba wa wenye nguvu ndogo na maslahi madogo. Saa nane usiku, mkurugenzi amelala na mimi nimelala, mwenye uamuzi wa kama mama atakuwa na mtu kando yake au la ni mlinzi.

Alinionyesha karatasi mbili kwenye ukuta wa kibanda chake.

"Sista, zote mbili zina sahihi ya mkurugenzi. Hii inasema mtu asiingie baada ya saa za kutazama wagonjwa. Hii yako inasema aingie. Nikivunja ya kwanza, nakatwa mshahara. Nilishakatwa mara moja, kifaa kilipoibwa. Nikivunja ya kwako, sijui nafanywa nini."

Sikuwa na la kumjibu. Karatasi ile ya kwanza ilikuwa pale muda wote. Ningetembea hadi kibandani kabla ya kuandika, ningeiona kwa dakika moja.

Mama wa usafi naye alikuwa na yake. Choo cha leba kilikuwa kimoja, cha akina mama. Wenza wanaume wangekwenda wapi? Na ndugu akiingia na viatu vya barabarani, nani anapiga deki tena, kwa dawa ipi, ilhali dawa ya sakafu inatolewa kwa kipimo cha wiki? Nilipomuuliza kwa nini hakusema mapema, aliniambia hajawahi kuitwa kwenye kikao chochote tangu aajiriwe.

Mhasibu, niliyemwogopa kuliko wote, alikuwa mwepesi. Aliuliza mapazia mangapi, akafungua kitabu, akasema yanawezekana kwa awamu mbili. Miezi yote ile nilikuwa nimemweka kwenye kundi la wapinzani bila kumuuliza swali hata moja.

Kisha akina mama wenyewe. Hapa nilijiona nina uhakika kabisa, maana sera yote ilikuwa kwa ajili yao. Nilikaa na kadhaa wao katika wodi ya waliokwisha kujifungua, milango imefungwa, bila fomu. Mmoja alitaka mama yake, akasema kuona uso wake kungemtosha. Mwingine alimtaka mumewe, na alikuwa bado analia kwamba alimsikia nje akiuliza na hakuruhusiwa. Nilizitarajia kauli hizo. Zilizofuata sikuzitarajia.

"Mimi sikutaka kweli," alisema mama mmoja. "Mkunga aliniuliza mama mkwe akiwa amesimama hapa hapa. Ningejibu nini? Namshukuru aliyeandika hakutaka."

Mwingine alisubiri hadi wenzake walipolala. Alikuwa anaishi na virusi vya UKIMWI na mumewe alikuwa hajui. Dawa zake zimeandikwa kwenye faili, na pale leba faili husomwa kando ya kitanda, kwa sauti, wakati wa kukabidhi zamu. "Mngemwingiza," aliniambia, "angejua kabla sijakuwa tayari kumwambia. Na ningetoka hapa na mtoto, nisijue naenda wapi."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikakaa muda mrefu bila kuwasha taa. Katika zile kurasa mbili za "hakutaka", nilizozichukulia zote kuwa uongo, kulikuwa na wanawake ambao kweli hawakutaka, na kukataa kwao kulikuwa uamuzi wa busara wa mtu anayejilinda. Mimi, mtetezi wao, nilikuwa nimeandika waraka wa kumwadhibu mkunga aliyewasikiliza.

Nilimwomba mkurugenzi aufute. Haikuwa rahisi, kwa sababu alikwisha kupeleka takwimu zangu za "yupo" ngazi ya juu, na ilinibidi niseme kwa kinywa changu kwamba takwimu zile si za kweli na kwamba kosa ni la aliyezidai. Alinyamaza kwa muda. Kisha akaniuliza nahitaji muda gani. Nikasema miezi sita. Nataka kuwa mkweli kuhusu miezi hiyo: ni miezi ambayo wanawake wengi walijifungua peke yao huku ndugu zao wakiwa kwenye benchi. Wapo watakaosema ningeanza na kilichopo na kurekebisha njiani, na siwezi kuwaambia wamekosea.

Sera iliandikwa upya na wakunga. Mimi nilikuwa mwandishi wao. Ile sentensi kuhusu ukatili iliondolewa kwenye maelezo ya mwenza, na suala la lugha na heshima kwa mgonjwa tukalifanyia kazi mbali, kwa mazungumzo ya wakunga wenyewe, bila mkurugenzi chumbani. Wakaandika kwamba mama ataulizwa akiwa peke yake, mara mbili: anapopokelewa, na tena uchungu unapochanganya, kwa sababu mtu hubadilisha mawazo. Wakaandika kwamba faili halisomwi kwa sauti kando ya kitanda akiwapo mwenza. Makabidhiano ya siri za mgonjwa yanafanyika mezani. Simu ya mwenza inawekwa kwenye begi lake. Mwenza anapewa kazi tangu anapoingia: kusugua mgongo, kumpa mama maji, kutembea naye koridoni, kwa sababu waligundua kwamba mtu mwenye kazi hazimii kirahisi. Na mkunga anaweza kumtoa mwenza nje wakati wa dharura bila kuomba ruhusa ya mtu, akaeleza baadaye. Kifungu hiki cha mwisho nilikipinga. Niliona kitatumika kuwatoa wote. Mkunga wangu mkongwe alinitazama tu, akasema, "Mpe mtu mlango wa kutokea, ataingia." Hadi leo kimetumika mara chache kuliko nilivyohofia.

Mlinzi aliandikiwa karatasi moja badala ya mbili, na kila mwenza akapewa kadi kutoka kwa mkunga. Mlinzi ndiye aliyependekeza kadi iwe na namba ya kitanda. Tukaanza na vitanda vitatu vyenye mapazia, mchana tu, tukafika usiku baadaye.

Si wote waliokuja nasi. Kuna daktari bingwa mmoja ninayemheshimu ambaye bado anaamini kwamba ndugu chumbani huchelewesha ridhaa ya upasuaji. Tumekaa naye mara nyingi. Anao mfano wake, ninayo mifano yangu, na hatujafika popote. Ila sasa nikiandika jambo lolote linalogusa dharura, rasimu inaanzia kwake. Na yule mkunga aliyepigwa picha aliomba kuhamishiwa kliniki ya watoto. Nilikwenda kumwona. Nilimweleza kuhusu simu kwenye begi, kuhusu kifungu cha kumtoa mwenza, kuhusu yote tuliyobadilisha kwa sababu ya kisa chake. Alinisikiliza kwa upole na akasema anashukuru, lakini haendi tena leba. Nilikuwa nimetamani sana arudi.

Katika rejista safu ya "Mwenza" sasa ina majibu matatu. La kwanza ni "yupo". La pili ni "hakutaka, ameulizwa peke yake". La tatu waliliomba wakunga katika kikao cha mwisho kabisa, na mkurugenzi alisita kabla ya kulikubali, kwa sababu hospitali hazipendi kuandika neno kama hilo kwenye vitabu vyake zenyewe: "hatukuweza, kwa sababu…", na nafasi ya kuandika. Hakuna anayejieleza kwa waraka akiandika hapo.

Kila asubuhi naanza na safu hiyo kabla ya kusoma kitu kingine. Juzi kulikuwa na mistari miwili. Mmoja ulisema: "Hatukuweza, kwa sababu mkunga mmoja alikuwa chumba cha upasuaji." Mwingine ulisema: "Hatukuweza, kwa sababu pazia la kitanda cha nne limechanika." Nikachukua funguo za stoo, nikashuka kulitafuta jingine.